Mtu Aliye Ndani ya Twiga

Twiga wawili wanaokatiza jukwaa mwanzoni mwa mchezo wa muziki wa The Lion King wana urefu wa futi 14, yaani mita nne na robo hivi. Wanaingia kutoka kushoto kwa jukwaa, ambako kwa mtazamaji ni kulia, maana lugha ya jukwaa huhesabu pande kwa macho ya mwigizaji. Wanatembea kwa madaha, shingo zikiyumba kidogo, na ukikaza macho unamwona na binadamu mwenyewe: mikono na miguu yake imefungwa kwenye mironjo minne, uso wake uko wazi chini ya shingo ya mnyama. Julie Taymor, aliyeuongoza mchezo huu na kubuni mavazi yake, alitaka tuvione vyote kwa mpigo mmoja, mnyama na mtu. Usichokiona ni ngazi. Kabla ya kutokea kwenye mwanga, mwigizaji hupanda ngazi ya futi 6 akiwa ubavuni mwa jukwaa, akaingia ndani ya twiga, akasimama juu ya mironjo, ndipo akaanza safari. Ngazi hiyo haina taa wala wimbo. Utaisikia tu siku aliyeipanda atakapoketi mbele ya maikrofoni ya redio, akaulizwa kazi yake inakwendaje.

Hoja ninayoijenga hapa inaanzia kwenye ngazi hiyo. The Lion King unasifiwa kwamba ni mchezo usioficha kitu: kamba zinaonekana, fimbo zinaonekana, nyuso za watu zinaonekana. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini ni nusu ya habari. Kilichofichwa ni muda wa watu na njia wanazopita wasipokuwa mbele yetu, na huko ndiko kuliko na ufundi mwingi zaidi. Kumbukumbu za nyuma ya pazia ambazo waigizaji husimulia redioni, ambazo wengi wetu tunazisikiliza kama burudani ya kupitishia jioni, ni ushahidi wa kiufundi wa kukifikia kilichofichwa. Hazifai zote, wala si kila mtangazaji anajua kuzitoa. Ila zikitolewa vizuri, zinaeleza jambo ambalo picha ya video na michoro ya wabunifu haziwezi kulieleza.

Redio ina nafasi ya pekee katika kazi hii kwa sababu ya upungufu wake. Mwigizaji akihojiwa kwenye televisheni, mtayarishaji huweka kipande cha twiga wakitembea, mgeni akatabasamu, mambo yakaishia hapo. Picha imejibu swali kabla halijaulizwa. Redioni hakuna twiga. Mgeni analazimika kumjenga kwa maneno, na akianza kumjenga atagundua kwamba hawezi kumweleza mnyama bila kueleza alivyompanda, alishika nini, aliangalia wapi. Wasikilizaji waliokua na michezo ya Redio Tanzania, waliowaona Pwagu na Pwaguzi waziwazi bila kuwahi kuonyeshwa sura zao, hawahitaji kufundishwa kwamba sikio lina macho yake.

Tuutazame mchezo wenyewe, maana bila hivyo hoja itaelea hewani. Filamu ya katuni iliyouzaa mchezo huu ilitoka mwaka 1994. Mchezo wa jukwaani ulijaribiwa kwanza Minneapolis katikati ya mwaka 1997, kisha ukafunguliwa Broadway mwezi Novemba mwaka huohuo katika ukumbi wa New Amsterdam, New York. Mwaka 1998 ulichukua tuzo sita za Tony, mojawapo ikiwa ya uongozaji, na Taymor akawa mwanamke wa kwanza kupewa tuzo hiyo kwa mchezo wa muziki. Barakoa na vikaragosi alivibuni pamoja na Michael Curry. Nyimbo za kwaya zilibeba mkono wa Lebo M, mzaliwa wa Soweto, na ndani yake mnasikika Kizulu, Kixhosa na lugha nyingine za Afrika, Kiswahili kikiwemo. (Sisi huku tuna raha yetu ya pembeni: wenzetu wanajifunza kwamba Simba ni simba na Rafiki ni rafiki, wakati sisi tunacheka peke yetu kwamba kuna mhusika aliyepewa jina kutokana na kupumbaa.) Akiwa kijana, Taymor aliishi Indonesia kwa miaka kadhaa akifanya michezo ya jukwaani, na mazoea ya Asia, ambako mwendesha kikaragosi anaweza kuonekana bila kuvunja hadithi, yameingia katika kazi hii hadi kwenye mifupa.

Mtu wa kwetu anaweza kuupima uamuzi huo kwa kipimo kingine. Katika ngoma ya mapiko ya Wamakonde, barakoa inafunika kichwa chote na nguo inafunika mwili, na kwa mila ya zamani wanawake na watoto ambao hawajatiwa jandoni hawakutakiwa kujua aliye ndani ni nani. Siri ya mtu ndiyo nguvu ya barakoa. Taymor amekwenda upande wa pili kabisa: barakoa ya Mufasa, mfalme wa simba, inakaa juu ya kichwa, uso wa mwigizaji uko chini yake, na hadhira inachagua imtazame yupi. Wachambuzi wengi wakifika hapa huweka nukta. Wanasema mapiko yanaficha na The Lion King unafunua, basi. Mimi naona swali ndipo linapoanza. Kama fundi ameamua kuonyesha kamba zote, basi ule ufundi unaotufanya tumwone simba badala ya mtu aliyevaa kofia ya simba umehamia wapi?

Barakoa ya Scar, ndugu mwovu wa Mufasa, inatoa jibu la kwanza. Ina uzito wa aunsi 9, kama gramu 255 tu. Ya Mufasa ni aunsi 11, ya Sarabi, mke wa Mufasa, aunsi 4. Zimetengenezwa kwa mpira wa silikoni na nyuzi za kaboni ili ziwe nyepesi kuliko zinavyoonekana. Ya Scar na ya Mufasa zimeunganishwa na mota ndogo, na mwigizaji huziamuru kwa swichi iliyofichwa mkononi: akiinama kwa hila, uso wa mnyama unashuka mbele ya uso wake, akijinyoosha, unarudi juu. Maelezo haya yanatosha kitabu cha wabunifu. Hayamtoshi mwigizaji. Yeye anapaswa kujua barakoa imefika wapi bila kuiona, kwa sababu iko juu ya macho yake au mbele yake kiasi cha kuziba mwanga. Anapaswa kubonyeza kwa wakati mmoja na neno, maana ikichelewa kidogo tu tishio linageuka kichekesho. Na anapaswa kufanya hivyo huku mkono wenye swichi ukiigiza kama mkono wa mtu asiye na swichi. Hapa ndipo ufundi ulipohamia. Kamba haikufichwa, kilichofichwa ni hesabu iliyo kichwani mwa mtu, na hesabu haipigiki picha. Inasimuliwa. Timon, rafiki mcheshi wa Simba, naye ana fundisho lake. Kikaragosi chake kina uzito wa paundi 15, karibu kilo 7, kinabebwa mbele ya mwili wa mwigizaji aliyevaa kijani, miguu ya kikaragosi ikiwa imeungwa na ya mtu. Kilo 7 mbele ya tumbo kwa dakika tano si kitu. Kwa maonyesho manane kwa wiki, ambayo ndiyo desturi ya Broadway, ni suala la mgongo, na ndiyo maana mchezo huu umeajiri mtaalamu wa viungo wa kudumu.

Ufundi mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, uko kwenye kundi la waitikiaji na wachezaji, wale ambao majina yao hayako kwenye bango. Chukua mkanyagano wa nyumbu, tukio ambalo Mufasa anapoteza maisha. Jukwaa limegawanywa kwa kina. Mbali kabisa kunazunguka kitambaa chenye nyumbu wadogo wanaoonekana kushuka bondeni. Mbele yake yanazunguka magurudumu yenye nyumbu wakubwa kidogo. Mbele zaidi wanaingia wachezaji wenye barakoa za nyumbu, kubwa kuliko zote. Jicho linadanganywa kwa ukubwa unaopanda hatua kwa hatua, nasi tunaamini kundi linatujia. Ujanja huo unaelezeka kwa mchoro mmoja. Mchoro hautakwambia kwamba hao wachezaji ni walewale waliokuwa nyasi, wakiwa na vipande vya mbuga vichwani, na kwamba wengine wao watarudi kama simba jike au fisi. Kila mmoja ana njia yake: anatoka upande huu, anapita nyuma ya pazia la mwisho, anakutana na mvishaji mahali palepale kila usiku, anavuliwa hiki, anavikwa kile, anakunywa maji au hanywi, anaingia upande wa pili. Ukizichora njia hizo zote kwenye karatasi moja utapata mchezo wa pili, unaochezwa sambamba na wa kwanza bila hadhira. Nyumbu wa kule mbele wanashtua kwa sababu wamefika kwa wakati, na wamefika kwa wakati kwa sababu mtu amevuliwa nyasi kwa wakati.

Sasa pingamizi. La kwanza linajulikana: kumbukumbu inadanganya, na ya mwigizaji inadanganya kwa ustadi. Mgeni wa redio mara nyingi ameletwa na ofisi ya matangazo kuuza tiketi. Kisa anachokisimulia amekisimulia mara thelathini, na kila mara kimepigwa msasa. Siwezi kulikataa pingamizi hili, lakini naweza kulipunguza. Katika mazungumzo ya namna hii hutoka mambo ya aina tatu yaliyochanganyika. Kuna sifa: fulani alikuwa mtu wa ajabu, sisi ni familia moja. Hizi ziache zilivyo. Kuna kisa: siku kitu fulani kilipokwama. Na kuna utaratibu: natoka hapa, napita pale, nashika hiki kwanza. Sifa haina ushahidi wowote. Kisa kina ushahidi uliopakwa rangi. Utaratibu ni jambo jingine kabisa, kwa sababu maonyesho manane kwa wiki ni zaidi ya mara 400 kwa mwaka. Kitu kilichofanywa mara 400 hakikumbukwi kama tukio, kimekuwa mazoea ya mwili, na hakuna faida ya kukipamba. Tena kinathibitishika. Nafasi zilezile zimeshikwa na watu wengi tangu 1997, New York, na tangu 1999 katika ukumbi wa Lyceum jijini London; maelezo ya mmoja yanaweza kuwekwa kando ya maelezo ya mwingine. Nisingemwamini mwigizaji kuhusu nani alisema nini mwaka gani. Ningemwamini kuhusu ngazi ilikuwa upande gani.

Pingamizi la pili ni zito kuliko hilo, na halisemwi mara nyingi. Mazoea ya mwili ndiyo magumu zaidi kuyasema. Mwulize mama anayekuna nazi anavyojua nyama imekwisha kwenye kifuu. Mkono unajua, mdomo unasitasita. Basi mwigizaji aliyefanya jambo mara 400 huenda akawa mtu wa mwisho wa kulieleza, kwa kuwa limeshazama chini ya maneno. Hapa ndipo vile visa vya mikosi, ambavyo hapo juu nimeviita ushahidi uliopakwa rangi, vinapata thamani. Siku barakoa ilipogoma, siku zipu ilipokataa, siku mvishaji alipokuwa upande usio wake, mazoea yalikatika na mwigizaji akalazimika kufikiri. Kukatika huko kunayaweka mazoea wazi. Shida ni kwamba watangazaji wengi hukichukua kicheko na kuliacha la maana. Mgeni anasema aliingia jukwaani na mkia wa mnyama mwingine, studio nzima inacheka, swali linalofuata linahusu chakula anachopenda. Mtangazaji mwenye sikio angeuliza tu: kwa kawaida mkia huo unakaa wapi, nani anaushika, na una sekunde ngapi? Swali hilo moja linaugeuza mzaha kuwa habari ya ufundi.

Kuna watakaosema kazi yote hii ni ya bure, kwa kuwa meneja wa jukwaa ana daftari lenye kila ishara ya taa na sauti, wabunifu wana michoro, na kamera ipo. Kwa nini tuombe kwa mdomo kitu ambacho kimeandikwa? Nakubali kwamba daftari la meneja ni sahihi kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote kuhusu lini. Ila daftari linaandika ishara. Haliandiki gharama yake. Litasema taa inabadilika hapa, na mwigizaji awe ameshafika hapo. Halitasema kwamba ili afike inabidi aanze kufungua kifungo cha kwanza akiwa bado anaimba. Mchoro wa mbunifu unaonyesha nia, kamera inaonyesha matokeo. Kati ya nia na matokeo pana pengo, na pengo hilo lilizibwa na watu wakati wa mazoezi. Hata Taymor mwenyewe alipitia sehemu ya mazoezi ya mwisho kule Minneapolis akiwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo, akiongoza akiwa amejinyoosha kitini ukumbini. Mwongozaji aliyelala kitini anaona mengi, lakini anayaona kutoka upande wa hadhira. Upande wa pili una mashahidi wake.

Pingamizi la mwisho ninalitendea haki kwa kulikubali nusu: kwamba kusimulia ya nyuma ya pazia kunaua uchawi. Kwa michezo mingine ni kweli. The Phantom of the Opera, kwa mfano, una mambo yanayosimama kwa sababu hatujui yamefanyikaje. Mhusika mkuu anatoweka mwishoni mbele ya macho yetu, na mtu aliyelipia tiketi ana haki ya kuduwaa. Mwigizaji anayeumwaga mchezo wa namna hiyo redioni anavunja ahadi. The Lion King haukutoa ahadi hiyo. Ukame unapofika, bwawa la maji ni duara la hariri ya buluu linalovutwa polepole kupitia tundu sakafuni hadi linakwisha. Simba jike wanapolia, wanavuta utepe kutoka machoni. Hakuna mtu mzima anayedanganyika kwamba ni maji au ni machozi, na bado ukumbi unanyamaza. Tukishajua kwamba ni kitambaa na tukanyamaza vilevile, kujua nani anakivuta, kwa kasi gani, akisikiliza ala ipi, hakutupunguzii kitu. Nathubutu kusema kunaongeza. Aliyeelezwa kwamba kasi ya kitambaa ni uamuzi wa mkono wa mtu ataliangalia bwawa kwa makini zaidi atakapoliona tena.

Ikiwa hoja hii ina nguvu yoyote, basi inabadilisha orodha ya wageni. Vituo vya redio humwita anayecheza Simba au Mufasa, kwa sababu jina lake linafahamika na sauti yake ni tamu. Ningemwita mwigizaji wa akiba. Broadway ina watu ambao kazi yao ni kujua njia za wenzao wengi, ili akiugua mmoja saa kumi jioni wao waingie usiku huohuo. Mwigizaji wa aina hii hana anasa ya mazoea. Leo ni nyasi ya kushoto, kesho ni fisi, keshokutwa ni mguu mmoja kati ya minne ya tembo, mnyama anayeendeshwa na watu wanne, kila mmoja na mguu wake. Amelazimika kuyaweka yote kwenye maneno, kwenye daftari lake mwenyewe, na kuyarudia kimoyomoyo kabla pazia halijafunguka. Lile pingamizi la mkono unaojua na mdomo unaositasita halimgusi. Anayefuata kwenye orodha yangu ni mvishaji, ambaye hajawahi kuuona mchezo kwa mbele wakati wa kazi na anaujua wote kwa mgongo.

Na ningemtafuta aliyecheza katika kumbi zaidi ya moja. Mchezo huu ulihama New Amsterdam mwaka 2006 ukaenda Minskoff, na una matoleo ya safari yanayozunguka miji mbalimbali. Katika toleo la mwanzo, mwamba mkuu ambao mfalme husimama juu yake uliinuka kutoka chini ya sakafu ukijizungusha kama ngazi ya mnara. Toleo la safari haliwezi kutegemea shimo ambalo ukumbi wa mji unaofuata huenda hauna, kwa hiyo mwamba unaingizwa kutoka pembeni. Mtazamaji wa New York na mtazamaji wa mji mwingine wataapa wameuona mchezo uleule, na hawakosei. Lakini mwamba ukitoka chini, ubavu wa jukwaa uko wazi kwa watu. Ukitoka ubavuni, watu hao lazima wapishe. Mwigizaji aliyefanya kazi kote kuwili anaweza kutuambia, hata kwa dakika mbili, alikuwa akisimama wapi kabla na anasimama wapi sasa, na njia yake ya kwenda kwa mvishaji imerefuka kwa hatua ngapi.